Kibiriti Kilichompeleka Bibi Arusi Beni

Kule tunakooshea magari, kando ya mto Kimemi hapa Butembo, Kongo, watu hawaanzi kwa kuulizana habari za nyumbani. Wanaulizana habari za njia. Umetoka Beni? Imekauka? Ulishuka? Hilo la mwisho ndilo swali lenyewe. Kushuka maana yake gari lilikwama, ukafungua mlango, ukakunja suruali, ukasukuma pamoja na abiria wako. Anayejibu "hapana, sikushuka" husogezewa nafasi kwenye benchi tunapokaa kusubiri. Anayejibu "nilishuka kidogo" huachwa asimame ajieleze.

Mimi nilikuwa nasimama. Si kwamba nilikuwa nakwama sana. Nilisimamishwa kwa sababu ya gari langu.

Chapa yake sitaitaja, kwa kuwa haijanituma kuitangaza. Ni chapa ya watu wanaonunua gari kama wanavyonunua mwavuli, mvua isiwanyeshee. Masista wanayo. Wahasibu wanayo. Injini ndogo, magurudumu madogo, rangi nyeupe ya hospitali. Langu lilipitia Uganda likaingia kwetu kwa mpaka wa Kasindi, kwa hiyo volanti yake, yaani usukani, iko kulia, katika nchi ambayo magari nayo hupita kulia, na dereva hukaa upande wa mtaro kama abiria aliyepewa adhabu. Wazee wa benchi walilibatiza jina Kibiriti, kwa umbo lake, na kwa sababu, walisema, ukikimwagia maji hakiwaki tena.

"Prof, hii ni gari ao ni boîte ya sabuni?"

"Prof, leo umeiosha ao umeianika?"

Wananiita Prof. Mimi si profesa. Ni chef de travaux, mhadhiri asiye na udaktari bado, katika chuo kimoja cha hapa mjini, na tasnifu yangu ya udaktari ina umri mkubwa kuliko baadhi ya wanafunzi wangu. Lakini Butembo ukivaa miwani na kuendesha gari bovu, cheo kinakuja chenyewe.

Jambo ambalo benchi halikulijua ni kwamba mimi ni mgonjwa wa volanti. Napenda kuendesha kama wengine wanavyopenda mpira. Jumapili nilikuwa namwambia mke wangu naenda Musienene kutafuta maharagwe. Njia ile inapanda na kushuka vilima, inajikunja kama mshipi uliotupwa kitandani, na Kibiriti kwenye kona zile kilikuwa kinaimba. Ghala letu lilijaa maharagwe kiasi kwamba jirani alidhani tumeanza biashara.

"Leo tena maharagwe?" mke wangu aliuliza.

"Yale ya juzi yalikuwa madogo."

"Njoo basi na makubwa. Na upunguze mwendo kwenye shule."

Alikuwa anajua. Wake wa wagonjwa wanajua.

Siku moja nilijaribu kulieleza benchi. Nilisema kwamba gari kubwa kwenye njia zetu hutumia robo ya nguvu zake, na dereva wake analala. Gari dogo unalitumia lote. Kila mlima ni mtihani, unachagua vitesi, yaani gia, kabla ya kona, ukikosea linakuambia palepale. Nilisema raha ya kuendesha iko hapo, katika kulimaliza gari lote, wala haiko katika bei. Nilisema vizuri sana, nadhani. Mtu mmoja aliyekuwa ameketi katikati ya benchi alinisikiliza hadi mwisho, akakausha mikono yake, akauliza kwa heshima kama hayo ndiyo tunayofundisha chuoni.

Huyo alikuwa Hadji. Ni msafirishaji wa Bungulu, kule Beni, na kila alipokuja Butembo kuchukua mizigo aliosha gari lake Kimemi. Alianza ujanani kama dereva wa lori kwenye njia ya Kisangani, njia ambayo madereva walikuwa wanalala chini ya gari hadi matope yakauke. Sasa ana malori yake na gari moja kubwa jeusi la milimani, jipu, lakini bado anaendesha mwenyewe, kwa sababu naye ni mgonjwa. Nimemwona akimaliza swala, akitoa salamu kulia na kushoto, halafu akimwambia mtu wa safu ya nyuma kwamba gari lake lililopita nje lina beringi inayokufa. Na ni kweli ilikuwa inakufa. Neno lake kuhusu chapa za bei nafuu lilikuwa limeshakuwa sheria:

"Gari ya bei kidogo inakupeleka, sikatai. Mais haiwezi kukupa furaha. Mutu mwenye kupenda volanti hapana kuipenda. Haiwezekane."

Halafu mtoto wake wa kiume akampenda binti yetu.

Binti yetu ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Alikuja nyumbani kwetu akiwa bado anavaa sare ya shule ya msingi, akaniita papa tangu wiki ya kwanza, na sijawahi kutafuta sababu ya kumsahihisha. Yeye ndiye aliyekuwa anafuatana nami Musienene. Alikuwa anakaa kimya, dirisha wazi, na nikichukua kona vizuri alikuwa anasema "ile" kwa sauti ndogo. Nikiichukua vibaya alikuwa anaangalia mashamba. Alisoma uuguzi, akapata kazi Beni, akakutana huko na kijana mtulivu anayeuza vipuri, na kwa hiyo mtu aliyelicheka gari langu kuliko wote akaja nyumbani kwangu na mbuzi wa mahari, amevaa kanzu safi, akiniita mukwe.

Lazima nieleze mila moja, maana yote yaliyofuata yalitoka humo. Sisi tuliingia msikitini tangu enzi za babu zetu, lakini tuliingia na Unande wetu, mila za kabila letu, mkononi. Kwetu bibi arusi akishabebwa kutoka kizingiti cha nyumba ya baba yake, mguu wake haugusi ardhi mpaka mkeka wa wakwe. Zamani alibebwa mgongoni, siku hizi anapanda gari. Akishuka njiani, basi amejileta mwenyewe, na mwanamke aliyejileta mwenyewe, siku ya ugomvi wa kwanza, anaweza kuambiwa ajirudishe. Si mzaha. Shangazi yangu mmoja gari lilimharibikia karibu na Lubero siku ya arusi yake, akatembea kipande cha mwisho. Mawifi zake walimwita Mutembezi mpaka akaota mvi. Alizaa watoto wengi, akajenga nyumba, akamzika mume wake kwa heshima zote, na bado alibaki Mutembezi.

Kutoka Butembo hadi Beni si mbali kwenye ramani. Wakati wa mvua, ramani haisaidii. Ndiyo maana familia zote huazima gari kubwa.

Hadji aliliwaza hilo kabla yetu. Siku ya kikao cha mwisho, sebuleni kwetu, alisema:

"Mukwe, njia iko mubaya sana. Ile jipu yangu itamubeba mutoto. Hapana kusumbuka."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kushukuru. Binti yetu alikuwa anapanga vikombe mezani. Hakuinua macho.

"Aksanti, papa Hadji. Mais mie nitapanda gari ya papa."

"Gari gani? Ile Kibiriti?"

"Ile ile."

"Mutoto, uko na homa?" aliuliza shangazi yake, dada yangu mkubwa, aliyekuwa amekaa karibu na mlango.

Hadji alicheka, si kwa ubaya. "Na ukishuka?"

"Sitashuka."

"Mvua iko nanyesha kila siku!"

"Inyeshe tu. Papa yangu iko najua kuendesha."

Katika miaka yangu yote ya volanti, hakuna mtu aliyewahi kusema maneno hayo mbele ya mtu mwenye nafasi kwenye benchi. Kifua kilinijaa fahari. Halafu nikaelewa alichofanya. Alikuwa ameiweka heshima yake ya maisha yote ndani ya gari la chapa ya masista, na akanikabidhi funguo. Na neno lililosemwa mbele ya wakwe halirudi jikoni.

"Sawa," Hadji alisema. "Mimi nitatangulia. Ikikwama, nitaivuta na kamba."

"Bibi arusi kuvutwa na kamba sawa mbuzi?" dada yangu alisema. "Apana. Bora hata ashuke."

Kwa hiyo kamba ikaondolewa kwenye mjadala, na mimi nikabaki na volanti peke yake.

Kabla ya siku yenyewe niliweka matairi mapya yenye meno. Nilienda mara kadhaa kuangalia mlima mbaya ulio ng'ambo ya Maboya, nikiwaambia watu naenda kutafuta maharagwe, hadi mke wangu akauliza tangu lini tunakula maharagwe ya kule. Na niliwakusanya wanawake wa familia nikawatolea mhadhara mfupi kuhusu uzito. Nilieleza kwamba gari lile tumbo lake liko karibu na ardhi, na kwamba kila kilo linayoipata inalishusha zaidi. Mizigo yote, nilisema, iende kwenye basi dogo la nyuma. Ndani ya Kibiriti akae bibi arusi, mke wangu na dada yangu, basi. Wote walisema ndiyo. Miaka yangu yote kwenye ukoo huu ilipaswa kunifundisha kwamba ndiyo ya mashangazi ni namna ya kufunga mlango.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Ndoa ilifungwa msikitini asubuhi, na baada ya swala ya adhuhuri tuliondoka haraka, kwa kuwa miaka hii hakuna anayekubali jioni imkute kwenye njia ile, kwa sababu ya watu wenye silaha. Wajomba walimbeba kutoka kizingitini mpaka kiti cha nyuma. Alikuwa amevaa nguo nyeupe na viatu vyeupe visivyofaa kwa chochote duniani isipokuwa mkeka. Jipu la Hadji lilitangulia, mimi nikafuata, basi dogo la ndugu likaja nyuma.

Tangu tulipotoka mjini nilihisi Kibiriti kinapumua vibaya. Nilijiambia ni woga wangu. Kwenye kizuizi askari mmoja aliinama, akamwangalia bibi arusi, akaliangalia gari.

"Mwasi kitoko boye, na voiture ya moke boye?" alisema kwa Kilingala, akisikitika kweli. Mwanamke mzuri hivyo, gari dogo hivyo. Hata jeshi lilikuwa na maoni kuhusu chapa yangu.

"Fungua njia, mwanangu," dada yangu akamjibu kutoka nyuma. "Gari si lako, na bibi si wako."

Ng'ambo ya Maboya tuliukuta mlima. Malori yalikuwa yamepita humo usiku kucha na kuchimba mifereji miwili ya magurudumu, yenye kina cha goti, na katikati yake tuta la udongo mwekundu. Hadji hakusita. Aliingia kama anavyoingia kila siku, kwa nguvu, na jipu likapanda nusu ya mlima. Halafu uzito wake wenyewe ukaliponza. Liliteleza taratibu upande wa kushoto, likaketi kwa tumbo juu ya tuta, na magurudumu manne yakabaki yanazunguka hewani na kurusha matope kama mtu anayechimba kaburi kwa haraka.

Mlango ukafunguliwa. Hadji akashuka.

Nyuma yetu kulikuwa na madereva wa malori wanaosubiri zamu. Wote waliona. Hakuna aliyecheka, na kutocheka huko kulikuwa kukubwa kuliko kicheko. Kanzu yake ilikuwa imekunjwa mkono mmoja, viatu mkono mwingine, na miguu yake ilizama hadi vifundoni.

Kati ya jipu lake na mtaro wa kulia ilibaki nafasi. Si kubwa. Niliiangalia kwa macho yangu ya Jumapili nikaona Kibiriti kinaweza kupita. Nikaingiza vitesi vya kwanza. Kilipanda kidogo, tumbo likakwaruza, mkia ukaburuta chini kama wa bata, magurudumu yakazunguka bure. Nikarudi chini kinyumenyume, nikazima injini, nikaenda kufungua buti.

Humo mlikuwa na gunia la viazi vya Musienene. Kulikuwa na maharagwe, ndiyo, maharagwe yangu. Kulikuwa na kinu na mchi wake, sufuria mbili, na chini ya vyote, limefungwa kwa kitenge kama mtoto mchanga, jiwe la kusagia.

"Dada," nilisema. "Jiwe?"

"Ni vitu kidogo tu," alijibu kutoka ndani, bila kugeuka.

"Beni hakuna mawe?"

"Iko. Mais hapana ya nyanya yake. Unataka mutoto aingie kwa batu mikono mitupu? Batasema ametoka kwa batu gani?"

Alikuwa na haki kwa sheria nyingine, ya zamani kama ile ya mguu. Binti hatoki mikono mitupu, na vitu hivyo lazima vifike pamoja naye, si nyuma yake. Mashangazi walikuwa wameamua kutimiza sheria zote mbili kwa gari moja la bei nafuu. Wanande tunaamini mizigo. Tukiona nafasi tupu tunahisi hasara.

Wote walishuka isipokuwa mmoja. Gunia lilitoka, kinu kikatoka. Dada yangu alivua viatu, akajitwisha jiwe la mama yetu kichwani na kuanza kupanda mlima kwa miguu, akisema maneno ya Kinande ambayo sitayaandika. Mke wangu alipita dirishani kwangu, suruali ya arusi imekunjwa magotini chini ya gauni.

"Vuta pumzi," aliniambia. "Unaendesha vibaya ukikasirika."

Hadji alikuja dirishani naye.

"Mukwe, sikiliza. Hapa iko vijana wengi wa malori. Hii gari ni nyepesi. Batainyanyua, mutoto ndani, batapita nayo mpaka juu. Hatakanyaga kitu. Mila iko safi."

Kusema kweli, mimi nilikuwa tayari kukubali. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu vijana. Kutoka nyuma, ndani ya shela, sauti ikasema:

"Na kule Bungulu batasema nini? Bibi arusi alikuya ndani ya gari yenye ilibebwa?"

Hadji alifikiri. Alikuwa mtu wa haki. "Batasema hivyo kabisa."

"Donc, papa, jaribu tena."

Nilimgeukia. Chini ya shela macho yake yalikuwa yananiangalia mimi, si mashamba. Nikamwambia aje mbele, kwenye kiti cha kushoto, kwa sababu magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta na yanahitaji mtu juu yake. Lakini kuja mbele bila kushuka maana yake ni kuruka viti. Bibi arusi wa ukoo wetu alikusanya mavazi yake yote, akapitisha mguu mmoja, akakwama kwenye breki ya mkono, akacheka, akapita. Dada yangu, aliyekuwa ameshafika karibu na jipu, aligeuka na jiwe lake kichwani akaona soli mbili nyeupe zikielea ndani ya gari.

"Yesu wangu!" alisema, Mwislamu tangu kuzaliwa.

Nikawasha.

"Première!" Hadji alipiga kelele. "Weka première!"

Niliweka vya pili. Vya kwanza vina hasira, vinachimba. Vya pili vinavuta taratibu na kushika, ukiweza kukizuia Kibiriti kisizimike. Nikapandisha gurudumu la kushoto juu ya ukingo wa mfereji, na la kulia kwenye ule mstari mwembamba wa nyasi kabla ya mtaro. Hapo ndipo volanti ya upande mbaya ilipopata kazi. Nilikuwa nimekaa juu ya mtaro wenyewe. Nilitoa kichwa nikaona gurudumu langu na nyasi, na baina ya nyasi na shimo hakuna zaidi ya upana wa kiganja. Hadji, katika jipu lake la volanti ya kushoto, asingeweza kuuona ukingo ule hata angelipwa.

Upande wa kushoto nilikuwa na macho mengine. Alikuwa ametoa kichwa nje, shela na yote, akipiga ubavu wa gari kwa kofi kama konvoyeri, utingo wa lori.

"Enda, enda, enda! Kulia kidogo! Kuna jiwe! Ile! Rudisha! Usiachilie, papa, usiachilie!"

Sikuachilia. Mtu asiyependa kuendesha hataelewa, lakini kuna sehemu ya kanyagio la mafuta ambapo injini ndogo haizimiki wala haikasiriki, inatetemeka tu, na sehemu hiyo ni nyembamba kuliko ukucha. Nilikuwa nimeitafuta Jumapili nyingi. Nilikaa hapo. Tulipofika sambamba na jipu nikaona kioo chake cha pembeni kimetokeza hadi kwenye njia yetu, na sikuweza kusogea kulia hata kidogo. Mkono wenye hina ukatoka dirishani, ukakikunja kioo cha Hadji kama mtu anavyofunga kitabu, tukapita. Nyuma ya gari ikateleza mara moja. Nikageuza volanti kidogo, ikarudi. Mbele nikaona anga badala ya udongo, na Kibiriti kikakanyaga changarawe ngumu ya juu.

Nilizima. Chini madereva wa malori walipiga honi zote kwa pamoja, na sauti ile ilijaa bonde.

"Uko salama?" nilimwuliza.

Aliangalia viatu vyake kwanza, kimoja halafu cha pili. "Ile," alisema.

Mashangazi wa basi dogo walifika wakihema na viazi. Tulipakia tena kila kitu, jiwe pia, kwa kuwa kutoka pale njia ilikuwa nzuri na mimi sikuwa na nguvu za kutoa mhadhara mwingine. Shida ilikuwa Hadji. Jipu lake lingesubiri lori la kulivuta, basi dogo nalo lisingepita kabla ya hapo, na yeye ndiye mwenye nyumba. Bila yeye hakuna wa kumpokea bibi arusi mlangoni. Alisimama kando ya Kibiriti akiwa na matope hadi magotini, akaangalia kushoto na kulia kama mtu anayetafuta gari lingine.

"Karibu, mukwe," nilisema, na nakiri nilisema kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Bibi arusi aliruka viti kurudi nyuma, Hadji akaingia mbele, magoti yakamfika kidevuni. Aliinamia dashibodi. Nilidhani ni aibu. Baadaye niligundua kwamba alikuwa anasikiliza.

"Iko cylindres ngapi?"

"Tatu."

"Tatu!" Akainamia tena dashibodi. Tukaingia kona moja ndefu yenye mteremko, kona nzuri. "Mbona hapana kukanyaga frein?"

"Nilipunguza na vitesi, mukwe. Kabla."

"Kabla," alirudia. Kona iliyofuata nikamwona anaegemea nayo, bega lake likienda pamoja na gari, mkono wake wa kushoto ukishika volanti ambayo haikuwepo. Nyuma, dada yangu alianza kuimba ili asilale.

Tuliingia Bungulu jua likiwa bado juu. Lango lilikuwa wazi na mkeka umetandikwa, wanawake wa nyumba wamejipanga pande mbili. Nilisogea mpaka tairi likagusa ukingo wa mkeka. Binti yetu alifungua mlango akakanyaga. Kabla ya vigelegele wanawake wote waliinama kuangalia viatu vyake. Vilikuwa vyeupe. Halafu mlango wa mbele nao ukafunguka, ikatoka miguu ya Hadji, myekundu hadi magotini, ikaacha alama mbili nono juu ya saruji.

"Eh!" alisema mke wake, mama wa nyumba, mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni. "Nani alishuka?"

Angeweza kusema lolote. Ni nyumba yake, na waliomwona walikuwa mbali, mlimani. Aliniangalia, akamwangalia mkwe wake mpya, akajinyoosha kama anatoa ushahidi mbele ya kadhi.

"Mimi ndiye nilishuka. Yeye hapana. Kutoka kwa baba yake mpaka hapa, hakushuka hata kidogo. Nimeona na macho yangu. Na mutu asimuambie kitu siku yoyote."

Vigelegele vilipasuka hapo. Mmoja wa wanawake alitunga wimbo palepale juu ya baba mkwe aliyejileta mwenyewe na kwa hiyo anaweza kuambiwa ajirudishe, na wote wakaupokea, na Hadji akatikisa kichwa akicheka katikati yao na kanzu yake ya matope. Binti yetu alipaswa kusimama ameinamisha uso. Shela lilikuwa linatetemeka kwa kicheko. Mke wangu alinishika kiwiko akanibana, kwa nguvu, bila kuniangalia, na nikajua kwamba nikisema neno lolote nitalia mbele ya wakwe, jambo ambalo nalo lina wimbo wake.

Tuliketishwa kwenye zulia. Pilau lililetwa. Hadji alinawa, akabadilisha kanzu, akaja kukaa karibu yangu, lakini hakukaa sawasawa. Alinyoosha kiganja.

"Nipe funguo. Iko kwenye jua, nitaisogeza kwenye kivuli."

Hakukuwa na jua kali. Nilimpa. Tulisikia Kibiriti kinawaka, kinatoka langoni, kinapita kivuli cha kwanza na cha pili, kinapanda barabara ya juu kwa vitesi vya pili, injini ikipiga kelele kama jogoo.

"Chakula kiko napoa!" mke wake alimwita kutoka langoni.

"Niko nakuya!" sauti ilijibu kutoka dirishani, na gari likapita mbele ya lango likielekea upande mwingine.